Tulivyopiga Kafi katika Maji Yasiyovuliwa: Safari ya Sengerema na Kisiwa cha Rubondo



Mtakumbuka kwamba katika mkutano wetu uliopita maneno yalikuwa makali kidogo. Hayakuwa maneno ya karafuu wala ya bei yake, bali ya samaki. Mwanachama mmoja, mzee wetu wa upande wa Chake Chake ambaye sote twamheshimu, alisimama akasema kwamba yeye haoni faida ya maji yaliyofungwa kule Misali. Alisema: "Mwaka huu mikarafuu haikuzaa. Wanangu wamekwenda baharini, nao wameambiwa upande ule wasivue. Basi wale nini? Wale matumbawe?" Watu walicheka, lakini hapana aliyempa jawabu la kutosha.

Sisi tuandikao ukurasa huu tulirudi majumbani na swali lile masikioni. Ikawa bahati kwamba baadhi yetu tulikuwa na safari ya bara, kwenda kuangalia soko la karafuu za rejareja katika miji ya Kanda ya Ziwa. Wenyeji wetu wa Sengerema, ambao ni wakulima na wavuvi kwa pamoja kama tulivyo sisi, walituletea khabari wakisema: "Njooni, na mbele ya kwetu kuna kisiwa ambacho maji yake hayavuliwi tangu sisi tu watoto. Mkakione." Basi tukamwomba Mzee tufuatane naye. Alikubali kwa sharti moja, nalo ni kwamba asilazimishwe kusifu asichokiona.

Sengerema na ziwa lake

Safari ya kutoka Mkoani mpaka Mwanza hatutaieleza, maana kila aliyekwisha kwenda bara aijua. Tuanze Kigongo, upande wa Mwanza, ambapo zamani magari yalikuwa yakipanga foleni kungoja kivuko cha kwenda Busisi. Siku hizi foleni ile haipo tena. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na gari letu lilipita juu ya Ghuba ya Mwanza kwa muda wa dakika chache tu. Tulipofika ng'ambo ya Busisi tulikuwa tumekwisha kuingia Wilaya ya Sengerema.

Sengerema ni nchi ya Wazinza na Wasukuma, yenye mihogo, mahindi, mpunga na ng'ombe, na upande wa ziwani vina visiwa vyake kama Kome na Maisome. Sokoni tulizikuta karafuu zetu. Zimefungwa katika vipakti vidogo pamoja na mdalasini na iliki, watu wakinunua za chai na za pilau. Mzee alizitia kiganjani, akazinusa, akasema, "Hizi zimeanikwa mvua ikinyesha." Muuzaji alicheka, akamkaribisha kiti. Juu ya soko hilo tutaandika katika toleo lijalo, Inshallah.

Ziwa lenyewe, kwa mtu wa kisiwani, ni jambo la ajabu. Ukisimama ufukweni hulioni ng'ambo. Mawimbi yapo, upepo upo, mashua zipo, lakini harufu ya chumvi haipo. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, na zaidi kidogo ya nusu yake iko Tanzania. Sehemu nyingine ni za Uganda na Kenya. Walakini kina chake si kikubwa. Mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi, ilhali Mkondo wetu wa Pemba wapita mita 800. Basi ziwa hili ni kama sinia: pana sana, lakini si refu kwenda chini. Na kitu kilichomo katika sinia hakina mahali pengi pa kujificha. Neno hili tulilikumbuka baadaye.

Mzee alichota maji kwa kiganja, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akasema, "Bahari isiyo na chumvi ni kama pilau lisilo karafuu."

Kwa nini hatukuzamia

Vijana wawili katika msafara wetu walikuwa wamechukua miwani yao ya kupigia mbizi na mirija ya kupumulia, kama wanavyofanya wakienda Misali. Wenyeji walipoviona vitu hivyo waliviweka kando kwa adabu. Walisema: "Huku hatuzamii." Sababu walizitaja tatu, nasi twazitaja kwa faida ya mwanachama ye yote atakayekuja kutembea.

Ya kwanza ni mamba. Ya pili ni kiboko, ambaye mchana hukaa majini na usiku hutoka kula majani, naye hapendi kukutwa njiani. Ya tatu ni ndogo kuliko zote, tena ndiyo inayowapata watu wengi: kichocho. Sisi wa Pemba na Unguja twakijua kichocho cha mkojo, ambacho watoto wetu hukipata katika vijito na madimbwi. Cha huku ziwani ni kingine, hushika matumbo na ini. Lakini njia ni moja. Konokono wa majini hutoa vijidudu, navyo huingia mwilini kupitia ngozi ya mtu aliyesimama katika maji ya kandokando, yenye majani. Mtu hahitaji kuyanywa maji. Kusimama ndani kwatosha. Dawa ipo, na aliyeoga ziwani yampasa apimwe.

Basi miwani ikarudi mkobani, nasi tukaambiwa kwamba ziwa hili huonwa kutoka juu, kwa mtumbwi.

Kuingia Rubondo

Kutoka Sengerema tulikwenda kwa gari kupitia Geita mpaka Nkome, pwani ya ziwa, na hapo tukapanda boti ya mashine. Kisiwa cha Rubondo kimo katika Mkoa wa Geita. Ukubwa wa kisiwa ni kilomita za mraba 240 hivi, na hifadhi nzima, pamoja na visiwa vidogo na maji yanayokizunguka, ni kilomita za mraba 457 hivi. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya hifadhi ni maji. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977.

Haifai kuficha kwamba kisiwa hiki kilikuwa na watu. Wazinza walikaa hapa wakivua na kulima migomba, nao walihamishwa katika miaka ya 1960 ili kisiwa kiachwe kwa wanyama. Mzee alipoambiwa hivyo alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na makaburi yao je?" Hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Tulishuka Kageye, yalipo makao makuu ya hifadhi. Tuliomba kwenda kwa mtumbwi, tukapewa ruhusa pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki, na boti ikitufuata kwa mbali. Kila mtu alivikwa jaketi la kuokolea. Tuliondoka alfajiri, maana mchana upepo wa ziwani huamka na mtumbwi huwa mdogo.

Mzee alikamata kafi ya nyuma pasipo kuulizwa. Askari, kijana wa Kisukuma, alimwamkia "Shikamoo, mzee wangu," akataka kumpokea, lakini alipoona jinsi kafi ile inavyoingia majini bila ya kupiga kelele alikaa kimya mbele. Tulikwenda kando ya pwani, mita chache tu kutoka majani, na hapo tukaanza kuona.

Pwani ya Rubondo ina sura tatu, nazo hubadilika kila baada ya mwendo mfupi. Kuna majabali makubwa ya kijivu yaliyotumbukia majini. Kuna fukwe za mchanga. Na kuna vinamasi vya mafunjo, vilivyochanganyika na mikindu. Tulipoiona mikindu sote tulipiga makelele, maana ni ileile ambayo wake zetu na mama zetu husukia mikeka. Huku hapana aikataye. Imekua mpaka imeinama juu ya maji, na mnandi wamejaa juu yake wakianika mbawa.

Katika mafunjo yale askari alituonyesha nzohe. Kwanza hatukuona kitu. Kisha tuliona pua na macho mawili juu ya maji, basi. Nzohe ni jamii ya swala akaaye kinamasini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame katika matope, na akiogopa hujizamisha mwili mzima akaacha pua tu. Furukombe walikuwa wakiitana juu ya kila mti mrefu, na mara moja mmoja alishuka mbele ya mtumbwi wetu, akanyakua samaki kwa kucha, akapanda naye. Fisi-maji wawili walipita wakicheza. Juu ya ukingo wa mchanga mamba alikuwa amelala kinywa wazi, wala hakujisumbua kwa ajili yetu. Vijana wetu walitazamana, na habari ya miwani haikutajwa tena.

Wako na wanyama walioletwa, kama tembo na twiga, na sokwe 17 walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, ambao wajukuu wao sasa huishi msituni peke yao. Lakini sisi hatukuja kwa ajili ya sokwe.

Visahani vya mchanga

Tulifika katika hori ndogo isiyo na upepo. Askari akatuashiria tuache kupiga kafi. Maji ya hapo yalikuwa safi kuliko ya Ghuba ya Mwanza, na chini palionekana mchanga. Kijana mmoja alitoa miwani yake, akauweka uso wa kioo juu ya maji kama mtu awekaye dirisha, akachungulia bila ya kujilowesha. Akasema, "Mzee, njoo uone. Kuna visahani."

Kweli vilikuwa visahani. Mchanga ulikuwa umechimbwa vishimo vya mviringo, kimoja hapa, kimoja pale, kama watu waliotandika vyombo kwa karamu. Askari alieleza: ni kazi ya sato dume. Dume huchimba kishimo kwa kinywa, akakifagia, akakilinda. Jike huja akataga mayai humo, kisha akayaokota yote akayatia kinywani mwake. Humo kinywani ndimo yanamoanguliwa. Hata watoto wakisha kuogelea, wakiona hatari hukimbilia kinywani mwa mama yao. Siku zote hizo mama hali chakula, au hula kidogo sana.

Mzee aliuliza, "Na akivuliwa wakati huo?"

Askari alijibu, "Huwa umemvua yeye na watoto wake wote, mzee wangu. Na kokoro likipita hapa, visahani vyote hivi havibaki."

Kokoro, kwa wasiolijua, ni ndugu wa juya letu: wavu mrefu unaokokotwa mpaka pwani, ukichukua kikubwa na kidogo pamoja, na kukwangua chini. Sheria yalikataza huku kama ilivyokataza kwetu uvuvi wa kigumi na sumu ya utupa. Lakini pwani ni ndefu na askari ni wachache, nako kwetu hali ni hiyohiyo.

Mzee aliishika miwani kwa muda mrefu. Tulipomwambia kwamba jua linapanda alisema, "Ngojeni kidogo." Hapo ndipo tulipojua kwamba lipo neno limemwingia, ingawa hakulisema.

Ziwa lililopoteza samaki wake

Jioni, tukiwa tumekaa Kageye, mmoja wa wenyeji aliyesoma sana khabari za ziwa alitueleza mambo yake, nasi twayaleta kwa ufupi kwa sababu yana mafunzo.

Ziwa hili lilikauka karibu lote miaka 15,000 hivi iliyopita, kisha likajaa tena. Katika muda huo, ambao kwa nchi ni mfupi, samaki wadogo waitwao furu waligawanyika wakawa zaidi ya aina 500. Kila aina ilishika kazi yake: huyu hula konokono, huyu hula mwani juu ya mawe, huyu hula watoto wa wenzake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Aina moja ya penye majabali waliipa jina la kitaalamu Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere.

Lakini katika miaka ya 1950 na 1960 alikuwa amekwisha kutiwa ziwani mgeni, sangara, samaki mkubwa mla wenzake, kwa nia ya kupata nyama nyingi zaidi. Miaka mingi hakuonekana kufanya kitu. Mara, katika miaka ya 1980, akaenea ziwa zima, na furu wakatoweka kwa kasi. Wataalamu hukadiria kwamba aina 200 hivi zilipotea. Wala hatusemi kwamba sangara hakuleta riziki. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na watu wengi walipata kazi na nyumba. Hata mabondo yake, yaani kile kifuko cha hewa kilicho tumboni, huuzwa kwa bei kubwa. Lakini sasa na sangara mwenyewe amevuliwa mno, na baadhi ya furu wameanza kurudi. Waliookoka vizuri zaidi ni wale wa kwenye majabali, mahali ambapo sangara hapendi kuingia. Tulikumbuka lile sinia: majabali yale ndiyo pahala pa kujificha palipokuwapo.

Lipo na jambo jingine, na hili latuhusu wakulima. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake, huyu mwekundu, huyu wa buluu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba maji yakichafuka jike haoni rangi sawasawa, basi aina zikachanganyika na kupotea bila ya kuvuliwa hata samaki mmoja. Na uchafu huo watoka wapi? Watoka nchi kavu: udongo unaoteremka kutoka mashamba yaliyokatwa miti, mbolea, na maji machafu ya miji, ambayo hulisha mwani mpaka maji yakawa ya kijani. Mvuvi hulaumiwa kwa kosa ambalo nusu yake ni la mtu wa jembe.

Tuliposikia hayo tuliinamisha vichwa. Maana nani kati yetu hajaona, baada ya mvua ya masika, jinsi maji ya hori zetu za Pemba yanavyokuwa mekundu pale ambapo mikarafuu mizee imekatwa kuni na mingine haikupandwa? Udongo ule hufika kwenye matumbawe, ukayafunika.

Maswali ya Mzee

Tuliporudi pwani ya Sengerema, Mzee alitaka kuonana na mvuvi, asiwe askari wala msomi. Wenyeji walimpeleka kwa bwana mmoja wa makamo aliyekuwa akishona nyavu zake chini ya mwembe. Walikaa pamoja, wakaulizana hali na watoto, kisha Mzee akauliza moja kwa moja, "Kufungwa kwa maji yale kumekupeni nini?"

Yule bwana hakujibu upesi. Alisema kwamba ubaya upo. Wavuvi wengine husukumwa na upepo usiku wakajikuta ndani ya mpaka, nao hukamatwa sawa na mwizi. Wazee wao walipoteza makazi, na wageni wanaokuja kutazama wanyama hulipa fedha ambayo si yote inayofika vijijini. Kisha akasema: "Lakini wewe tazama usiku karabai za dagaa zimesimama wapi, na mitego ya sangara imewekwa wapi. Imesimama karibu na mpaka. Hapana aliyetuamuru. Tunafuata samaki. Samaki hawajui mpaka, wakizidi ndani hutoka nje. Pangekuwa hapakufungwa, sasa tungekuwa tunafuata nini?"

Mzee akauliza tena, "Ungepewa ruhusa wewe peke yako, usiku mmoja, ungeingia?"

Bwana yule alicheka sana, akasema, "Mzee wangu, ningeingia. Ndiyo maana sitaki mtu yeyote apewe."

Jawabu hilo, ndugu wanachama, tumelileta kama lilivyo, kwa sababu twaona lina ukweli kuliko hotuba nyingi.

Turudi Misali

Sasa turudi kwetu. Wengi wetu twakijua kisiwa cha Misali kwa masimulizi ya wazee: kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akaomba msala wa kusalia, na msala usipatikane, akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, basi ndicho kitakuwa mfano wa msala. Kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, upande mmoja ukiwa haufai kuvuliwa kabisa na pande nyingine zikiachwa kwa wavuvi, na tangu mwaka 2005 kimo ndani ya hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Hakikufungwa kama Rubondo. Hapana mtu aliyehamishwa, na sehemu kubwa ya maji bado huvuliwa. Walimu wetu wa dini walifundisha hapo kwamba mwanadamu ni mwenye kuaminiwa juu ya alivyoumba Mwenyezi Mungu, wala si mwenye mali.

Misali mtu huzamia. Wapanda mashua Wesha, wavaa miwani na mrija, wajilaza juu ya maji, na chini yako wawaona changu, pono, tasi, chewa aliyejificha pangoni, na matumbawe yaliyoshuka mpaka mahali ambapo rangi ya maji yageuka kuwa wino. Kwa aliyetoka katika mafunjo ya Rubondo, ambako mtu huchungulia kwa kioo juu ya mtumbwi, hiyo ni neema kubwa. Walakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kuiona? Tumekaa tukibishana juu ya chumba ambacho wengi wetu hatujapata kufungua mlango wake.

Tena tusidanganyane kwamba kufunga kwatosha. Mwaka 1998 wenyewe, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Misali yaligeuka meupe yakafa, na hapana mpaka uliozuia joto lile. Lakini matumbawe mapya hushika mahali palipo safi, nao wasafishaji ni samaki kama pono na kangaja wanaokula mwani juu ya mawe. Ukiwamaliza hao, mwani hufunika jiwe, na tumbawe halirudi. Kwa hiyo samaki aliyeachwa leo ndiye fundi wa nyumba ya kesho.

Katika meli ya kurudi Mkoani, Mzee alikaa upande wa omo bila ya kusema. Tulipoanza kuviona vilima vya Pemba na mikarafuu juu yake, alituita.

"Nyinyi mwajua," alisema, "karafuu ya mbegu haikai debeni. Mpunga utautia ndani mwaka mzima, utaupanda, utaota. Mahindi kadhalika. Karafuu ukiikausha imekufa. Ukitaka mbegu, huna budi uache matawi mengine bila ya kuchuma, mpaka iive mtini, ianguke, uipande palepale. Na mwaka ambao karafuu ni chache, ndio mwaka ambao mtu huona uchungu kuacha tawi. Lakini asiyeacha hana mche."

Akanyamaza, kisha akaongeza: "Samaki naye, nimemwona, hakai debeni. Hukaa kinywani mwa mama yake. Mimi bado nasema wanangu wapewe cha kula. Lakini sitasema tena kwamba kule hakuna kitu."

Tuyapendekezayo

Sisi hatuna amri juu ya mtu, na mkutano mkuu ndio wenye neno. Lakini twaomba mambo manne yawekwe mbele ya wanachama.

La kwanza: mwanachama ye yote asikodishe chombo chake wala asitoe fedha kwa watu wa juya, kigumi au utupa, hata katika mwaka wa karafuu chache. Khasa katika mwaka huo.

La pili: chama kiombe rasmi kwamba mapato ya wageni wanaozuru Misali yaelezwe wazi kwa vijiji vinavyovua huko, ili mtu anayezuiliwa ajue anapata nini badala yake. Malalamiko ya Mzee yalikuwa ya haki, na safari hii haikuyafuta.

La tatu: palipokatwa mkarafuu mkuukuu pasikae wazi. Ipandwe miche mara moja, na katika miteremko pawekwe majani ya kuzuia udongo usiteremke horini.

La nne: kila tawi la chama lipange safari moja ya Misali kwa mwaka, na watoto wapewe miwani watazame. Vijana wetu wawili wamejitolea kuwafundisha kuelea na mrija, bure.

Mzee amesema kwamba katika mkutano ujao atasimama tena. Hakutuambia atasema nini, nasi hatukumwuliza. Twawaomba wanachama mhudhurie kwa wingi, mje na maswali magumu kama aliyokuja nayo yeye mara ya kwanza, maana ndiyo yaliyotupeleka Sengerema.

Wasalaam.